Kisiwa cha Hydra na Magoti ya Mama

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Tanga. Yeye, mumewe na mama yake mwenye umri wa miaka 71 watakuwa Athens kwa siku tisa mwishoni mwa Juni, kwa ajili ya mahafali ya mdogo wake, na viza wameshapata. Wangependa kutenga sehemu ya siku hizo kwenda kwenye kisiwa kidogo cha Ugiriki, “chenye wenyeji wanaoishi humo mwaka mzima, si hoteli tupu,” na wameambiwa kwamba Hydra haina magari na kwamba mizigo hubebwa na punda kama Lamu. Mama hutembea vizuri mahali tambarare, lakini akipanda ngazi magoti humsumbua. Anauliza kama Hydra inawafaa, na kama inatosha kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Dada yangu, Hydra inawafaa, ila kwa masharti mawili: mlale huko siku mbili, na mchague nyumba ya kulala kwa kuhesabu ngazi kabla ya kutazama picha za bahari. Mengine yote nitakayoyaandika hapa yanatokana na masharti hayo.

Kwanza mjue ni mahali pa namna gani. Hydra iko kusini mwa Athens, jirani kabisa na pwani ya Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, na ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 50 tu. Wakazi wake ni watu wapatao 2,000, na karibu wote wamejazana katika mji mmoja uliozunguka bandari upande wa kaskazini. Magari na pikipiki haviruhusiwi kisheria, na hata baiskeli zimepigwa marufuku. Yanayoruhusiwa ni magari machache ya huduma, kama la taka na la zimamoto. Saruji, friji, magodoro, kreti za maji na masanduku ya wageni, vyote hushushwa gatini na kupakiwa juu ya punda na baghala, yaani yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi.

Aliyewaambia kwamba ni kama Lamu hakukosea kuhusu punda, lakini alisahau jambo moja kubwa. Mji wa Lamu umekaa chini, na mtu mzima mwenye magoti mabovu anaweza kutoka Mkomani hadi Langoni bila kupanda kitu cha kumtoa jasho. Hydra ni mlima uliotumbukia baharini. Kilele chake, mlima Eros, kinakaribia mita 590, na mji wenyewe umepangwa kama viti vya uwanja wa mpira: gati ndiyo uwanja, na nyumba zinapanda pande tatu, safu juu ya safu. Kwa hiyo nyumba mbili zilizo mita 200 kutoka baharini zinaweza kutofautiana kabisa, moja ikawa na hatua tatu za kupanda na nyingine ikawa na ngazi 150.

Mimi mwenyewe nilijifunza hilo kwa miguu yangu. Safari yangu ya kwanza nilikodi chumba kwa sababu ya roshani iliyotazama bandari yote, na tangazo lilisema ni “dakika saba kutoka gatini.” Mwenye baghala alilifunga sanduku langu kwa kamba ya katani, fundo moja mbele na moja nyuma, akampiga mnyama kofi dogo la shingoni, na wote wawili wakaanza kupanda bila kunisubiri. Nilizihesabu ngazi zile kwa sababu sikuwa na pumzi ya kufanya jambo jingine lolote: zilikuwa 212. Dakika saba zile zilikuwa za mwenye nyumba, ambaye amezipanda tangu utotoni. Nilipofika mlangoni, sanduku lilikuwa limekwisha kuwekwa kivulini na baghala amekwisha kurudi chini.

Basi kabla ya kulipa chochote, mwandikie mwenye nyumba na umuulize maswali matatu kwa maneno ya wazi. Kuna ngazi ngapi kutoka gatini hadi mlango wa mbele? Ndani ya nyumba, chumba cha kulala na choo viko ghorofa moja, au kuna ngazi nyingine baina yake? Je, atakuja mtu kuwapokea gatini? Swali la mwisho lina maana kwa sababu vichochoro vingi havina majina yanayoonekana ukutani, na wenyeji huelekeza kwa kusema upite kanisa fulani kisha mti fulani. Jibu lisilo na tarakimu, kama “si nyingi” au “ni karibu sana,” lihesabu kuwa ni jibu la ngazi 100. Kwa mama yako mimi ningeishia ngazi 20, na nyumba za namna hiyo zipo, hasa katika safu mbili za kwanza nyuma ya gati, ingawa usiku utasikia sauti za mikahawa. Afadhali kelele kuliko goti lililovimba siku ya kwanza.

Huenda mmefikiria kumpandisha mama juu ya punda. Naomba msifanye hivyo. Tandiko la huko ni la mbao, limetengenezwa kwa ajili ya mizigo, na kushuka ngazi za mawe mtu akiwa juu ya mnyama ni jambo linalomtisha hata kijana. Tena, tangu mwaka 2018 kanuni za Ugiriki zinakataza kumbebesha punda au baghala zaidi ya kilo 100, au zaidi ya moja ya tano ya uzito wake mwenyewe, na kwa hesabu hiyo ya pili mzigo anaoruhusiwa punda wa kawaida haufikii uzito wa mtu mzima. Mwacheni abebe masanduku, na hata hayo myapunguze. Sanduku la magurudumu halina faida yoyote juu ya ngazi, kwa hiyo begi la kubeba begani litawafaa zaidi.

Usafiri unaomfaa mama ni wa majini. Gatini huegeshwa boti ndogo zinazofanya kazi ya teksi, na kuna pia boti za zamu ambazo majira ya joto hupeleka watu kwenye fukwe kwa nauli ya kila kichwa. Teksi za majini hutoza boti nzima, si mtu mmojammoja, kwa hiyo watu watatu hulipa sawa na mtu mmoja, na mkiungana na wasafiri wengine wanaoelekea upande huohuo gharama inagawanyika. Bei iulizwe kabla ya mguu kuingia botini. Kwa njia hii mama anaweza kufika fukwe za Vlychos au Mandraki bila kupanda kilima, wakati ninyi wawili mkitembea kwa miguu kwenye njia ya pwani kupitia kijiji cha Kamini, ambayo ni njia nzuri sana jioni, jua likiwa linazama upande wa Peloponnese.

Kuhusu safari yenyewe kutoka Athens. Tangu mwaka 2022 treni ya chini ya ardhi, ile njia namba 3 ya rangi ya buluu, inatoka uwanja wa ndege na kupita katikati ya mji mpaka bandari ya Piraeus, hivyo popote mtakapofikia hamtahitaji teksi kama mko karibu na njia hiyo. Boti za Hydra huondokea lango E8, ambalo linafikika kwa miguu kutoka kituo cha treni, mahali tambarare. Safari huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili, kwa kawaida boti ikigusa kisiwa cha Poros njiani, na nauli ni karibu euro 40 kwa mtu kwa kwenda tu. Tiketi huandikwa jina, basi mchukue pasipoti zenu, lakini hakuna ukaguzi mwingine wa uhamiaji kisiwani, kwa kuwa viza iliyowaingiza Athens inatosha.

Msitegemee safari ya kukaa juu ya sitaha na upepo usoni kama kwenye jahazi. Boti hizi ni za mwendokasi, zimefungwa pande zote, abiria hukaa kwenye viti vyenye namba kama ndani ya basi, na bahari ikichafuka hurukaruka. Mama akiwa na tabia ya kutapika baharini, ameze dawa yake nusu saa kabla, na mumchagulie kiti cha katikati, mbali na omo, yaani sehemu ya mbele ya boti.

Mambo mawili yanaweza kuzuia boti. La kwanza ni upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi, ambao hushika nguvu Julai na Agosti. Kwa watu wa pwani yetu nitasema ni kaskazi iliyogeuza majira, inayovuma katikati ya kiangazi, kavu na yenye jua kali. Upepo ukizidi kiwango, mamlaka ya bandari huzuia vyombo kuondoka, na hakuna wa kubishana naye. La pili ni mgomo wa mabaharia, ambao kwa kawaida hutangazwa mapema na mara nyingi huwa wa saa 24. Kwa sababu hizi msipange kurudi kutoka kisiwani siku ileile ya kupanda ndege. Acheni walau siku nzima moja baina yake, na ikiwezekana mbili.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza kulala. Umesema mnataka kuona kisiwa chenye wenyeji. Kati ya asubuhi na alasiri, Hydra hupokea meli za matembezi ya siku moja kutoka Athens, zile zinazopitia visiwa vitatu kwa siku, na kwa saa chache gati lote hujaa watu waliosimama kupiga picha za punda. Msafiri wa kwenda na kurudi hukutana na saa hizo tu. Meli hizo zikishaondoka, mji hubadilika mbele ya macho yako: mabibi hutoa viti mlangoni, watoto hucheza mpira mahali ambapo mchana hapakuwa na nafasi ya kusimama, na kwa kuwa hakuna injini hata moja mtaani, utasikia kengele ya kanisa, kwato, na mtu akimwita mwenzake kutoka dirisha la juu. Alfajiri ni bora zaidi, wakati baghala wanashushiwa mboga na mikate kutoka botini. Mama yako, ambaye bila shaka huamka mapema kuliko ninyi, ataketi gatini na kikombe cha chai na kuona kazi ya kisiwa kizima ikipita mbele yake bila yeye kupanda ngazi moja.

Hapo hapo gatini, pasipo kupanda, kuna mambo mawili ya kumwonyesha. Moja ni makao ya watawa ya zamani yaliyo nyuma ya mnara wa saa, ambayo kanisa lake ndilo kanisa kuu la kisiwa, lenye ua mtulivu wa mawe. La pili ni jumba la nyaraka na makumbusho ya kihistoria, lililoanzishwa mwaka 1918, upande wa mashariki wa bandari. Huko mtaelewa ni vipi kisiwa kikavu, kisichoota hata shayiri ya kutosha, kiliweza kujenga majumba makubwa ya mawe yale mnayoyaona juu. Watu waliokaa Hydra kuanzia karne za nyuma walikuwa wengi wao wakimbizi kutoka bara, waliozungumza lugha ya Kialbania, na kwa kuwa ardhi iliwanyima waligeukia bahari. Wakati wa vita vya Napoleon mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza walipozizingira bandari za Ufaransa na washirika wake, manahodha wa Hydra walipenya mzingiro na kuuza nafaka kwa bei waliyoitaka. Fedha ile ndiyo iliyojenga majumba, na mwaka 1821 ndiyo iliyolipia meli za vita vya uhuru dhidi ya dola ya Osmani, chini ya Andreas Miaoulis, aliyekuwa mfanyabiashara wa baharini kabla ya kuitwa amirijeshi.

Baada ya uhuru utajiri uliwaponyoka. Meli za mvuke zilichukua biashara, na wanaume wengi wakaingia kazi ya kuzamia sponji mpaka pwani ya Afrika Kaskazini. Lilipokuja vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba na bomba la hewa, katika nusu ya pili ya karne ya 19, waliweza kwenda chini zaidi na kukaa muda mrefu zaidi, na wengi walirudi wamepooza miguu kwa sababu ya kupandishwa juu upesi mno. Watalii hutajiwa zaidi mwimbaji wa Kanada, Leonard Cohen, aliyenunua nyumba hapo mwaka 1960. Mimi navutiwa zaidi na wazamiaji.

Jumba la Lazaros Kountouriotis, lililo juu upande wa magharibi, waachieni miguu yenu wawili. Lina ngazi za kutosha. Vivyo hivyo makao ya watawa ya Nabii Eliya, yaliyo karibu mita 500 juu ya bahari: ni mwendo wa saa moja na zaidi kupanda, na mwishoni mwa Juni ni lazima muanze kabla ya jua kuchomoza, kila mmoja na lita moja na nusu ya maji. Kivuli ni kidogo sana. Msivute sigara wala kuwasha kitu chochote huko. Juni 2024 fataki zilizorushwa kutoka chombo cha starehe ziliteketeza sehemu ya msitu wa misonobari wa kisiwa, na wenyeji bado wana uchungu.

Bahari itawashangaza. Sisi tumezoea maji kupwa na kujaa, na hupanga shughuli kwa bamvua na maji mafu; kule Mediterania maji karibu hayasogei, yako palepale asubuhi na jioni. Ufukwe wa mchanga msiutarajie: pwani ni ya mawe, na karibu na mji watu huingia majini kwa ngazi ya chuma iliyofungwa kwenye mwamba, moja kwa moja kwenye kina. Asiyejua kuogelea asijaribu hapo. Vlychos kuna changarawe na maji yanaanza kidogo kidogo, na huko mama anaweza kuloweka miguu. Mchukue viatu vya plastiki, kwa sababu ya mawe na ya wale wanyama weusi wenye miiba. Na mchukue kanga mbili au tatu: ni shuka la ufukweni, na ni vazi la kujistiri mnapoingia kanisani, ambako mabega na magoti wazi hayapendezi.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kuhusu chakula na sala. Hakuna msikiti Hydra. Msikiti rasmi wa Athens, uliofunguliwa mwaka 2020, uko mtaa wa Votanikos. Kisiwani kibla ni kusini-mashariki, na kwa kuwa bandari inatazama kaskazini, ukiipa bahari mgongo kisha ukageuka kushoto nusu ya robo mzunguko utakuwa umekielekea. Kwenye chakula hamtapata shida kubwa. Samaki wapo, na kuna mapishi mengi ya mboga yaliyopikwa kwa mafuta ya zeituni, yanayoitwa ladera, pamoja na horta, ambayo ni majani ya mwituni yaliyochemshwa na kukamuliwa ndimu. Mtu aliyekulia mchicha atayazoea siku ya kwanza. Pweza huanikwa juani kisha akachomwa juu ya mkaa, na huyo ni halali yenu bila wasiwasi, lakini mkiona neno krasato mbele ya pweza au nyama, maana yake imepikwa kwa mvinyo. Samaki wabichi huuzwa kwa kilo, basi apimwe mbele yenu na bei isemwe kabla hajaingia jikoni. Maji ya kunywa nunueni ya chupa. Kwa miaka mingi kisiwa kililetewa maji kwa meli, na ingawa siku hizi kuna mtambo wa kuondoa chumvi, wenyeji wengi bado hawayanywi ya bomba.

Mchana, kati ya saa tisa na saa kumi na moja na nusu, ni saa za utulivu nchi nzima wakati wa kiangazi. Msipige hodi kwa watu wala kuwasha redio barazani. Mkipita, salamu ya kalimera asubuhi na kalispera jioni hufungua nyuso, na msishangae mama akiitwa yiayia, maana ndiyo bibi.

Kwa tarehe zenu, jihadharini na sherehe za Miaoulia, ambazo hufanyika mwishoni mwa Juni na kuhitimishwa kwa kuchoma meli ya mfano katikati ya bandari usiku, kukumbuka merikebu za moto za vita vile vya uhuru, zilizowashwa na kusukumwa kwenye meli za adui. Ni tamasha la kupendeza, lakini vyumba huisha miezi kabla na bei hupanda. Waathens nao huja kila mwisho wa wiki. Ningeenda Jumatatu asubuhi na kurudi Jumatano alasiri, na ningelipia tiketi za boti pamoja na chumba, siyo baadaye. Kwenye hoteli mtadaiwa pia kodi ya serikali ya kila usiku kwa kila chumba, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei mliyoiona mwanzoni.

Dawa zote za mama mzibebe ndani ya mkoba wa mkononi, za siku zaidi ya mlizopanga kukaa. Kisiwani kuna zahanati na duka la dawa, lakini jambo kubwa humsafirisha mgonjwa nje kwa boti au helikopta, na gari la wagonjwa lenyewe haliwezi kupanda ngazi. Hiyo ni sababu nyingine ya kulala karibu na gati.

Na ikiwa wenye nyumba wote watawajibu kwa tarakimu kubwa, au goti la mama likaamka vibaya wiki hiyo, msilazimishe. Nendeni kisiwa cha Aegina, ambacho nacho kina watu wake wanaoishi humo mwaka mzima. Kuna meli kubwa za magari kutoka Piraeus zinazofika kwa saa moja na dakika chache, zenye sitaha ya wazi ambapo mama atakaa na upepo wake, na mkishuka mnakuta teksi na basi gatini. Basi hilo hupita karibu na hekalu la Aphaia, lenye miaka ipatayo 2,500, na njiani mtaona mashamba ya njugu za pistashio pande zote mbili za barabara.